Kubeba na Kutunza Maji Katika Gari la Kupigia Kambi: Mwongozo Kamili kwa Safari za Bonde la Ufa na Magharibi mwa Kenya

Ukiishiwa na petroli kwenye njia ya Kerio au ya Lodwar, aghalabu utampata mtu kando ya barabara anayeiuza kwa chupa. Ukiishiwa na maji safi mambo ni mengine. Unaweza kuwa na mto upande huu na ziwa upande ule, na usiwe na hata kikombe cha kumpa mtoto. Ndivyo eneo letu lilivyo: baadhi ya visima virefu vya Nakuru vina floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno, Ziwa Bogoria ni magadi, Ziwa Baringo ni tope, na kingo za Ziwa Victoria zina kichocho. Kwa hiyo mpango wa safari ya gari la 4x4 uanze na maji, halafu mafuta, halafu chakula.

Kuna kanuni moja ninayoishikilia, na mengi yaliyomo humu yanatokana nayo: hesabu siku zilizopo kati ya mahali pa kujaza na mahali pengine pa kujaza, ongeza akiba ya siku moja, ubebe hayo. Anayehesabu siku zote za safari hupakia maji mengi mno, gari likalemewa, springi zikachoka, na mara nyingi hurudi nyumbani na nusu ya maji yaleyale. Anayekisia kwa jicho naye hupungukiwa siku ya pili.

Hatua ya 1: Fanya hesabu kwenye karatasi

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kumbuka hilo kila unapojaza chombo.

Viwango vya misaada ya dharura duniani vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku, pamoja na kuoga na kufua. Kambini tunaishi kwa kidogo zaidi. Kwa nyanda za juu kama Cherangani, Mau au Mlima Elgon, panga lita 7 hadi 8 kwa mtu mzima: tatu za kunywa, mbili za kupikia na chai, zinazobaki za vyombo, mikono na uso. Ukishuka kwenye joto la Marigat, Bonde la Kerio au Turkana, panga 10, kwa kuwa kunywa peke yake kunaweza kufika lita 5 na zaidi kwa anayefanya kazi juani. Mtoto mpangie kama mtu mzima. Hanywi kiasi hicho, lakini humwaga.

Chukua familia ya watu wanne inayotoka Nakuru kwenda Baringo kisha Bonde la Kerio kwa siku nne. Kwa lita 10 kila mmoja wanatumia lita 40 kwa siku. Wakibeba ya safari nzima ni lita 160, yaani kilo 160 kabla ya hema, chakula na wao wenyewe. Lakini Marigat ni mji, una maduka na maji ya kununua. Wakijaza Nakuru na kupanga kujaza tena Marigat siku ya pili, pengo lao kubwa ni siku mbili. Lita 80 za pengo hilo na 40 za akiba ni 120. Wameokoa kilo 40, na bado hawajapunguza hata kikombe cha chai.

Juu ya hizo, weka lita 5 za rejeta. Ziwe kwenye chombo chake, na zisiguswe kwa kupikia hata kama ni safi. Gari likichemka kwenye mteremko wa Tambach au kwenye mchanga, hizo ndizo zitakazokurudisha. Usifungue mfuniko wa rejeta ingali moto.

Hatua ya 2: Chagua vyombo, na uvichague vingi

Ukiniuliza kati ya tangi moja la lita 100 na vyombo kadhaa vidogo, nitachagua vidogo, au tangi la wastani pamoja na mitungi. Tangi likipasuka, au likijazwa maji machafu bila kujua, umepoteza kila kitu. Ukiwa na vyombo vitano, utapoteza kimoja.

Mtungi wa plastiki wa lita 20 unaouzwa kila soko hapa kwetu unafaa kabisa, mradi ujue historia yake. Uliobeba mafuta ya kupikia unaweza kuoshwa kwa maji moto na sabuni hadi harufu iishe. Uliobeba dawa ya mifugo, dawa ya shamba, rangi au petroli usiutumie kamwe, hata ukioshwa mara kumi, maana plastiki hufyonza. Kama muuzaji hajui mtungi ulibeba nini, nunua mpya. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 chini yake. Hiyo ni plastiki ngumu ya polithini inayotumika kwa vyakula, lakini alama hiyo haikuambii mtungi wa zamani ulibeba nini.

Mimi napendelea mitungi ya lita 10 kuliko ya 20. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kama kilo 21, pamoja na plastiki yake, nazo ni nzito kwa mama mzee au kijana wa miaka kumi na mbili anapoitoa kwenye buti lililoinuka, na mtu akiinua vibaya atamaliza safari akiugua mgongo. Ya lita 10 pia huingia kwenye pembe ambazo mtungi mkubwa hauingii.

Rangi nayo ina kazi. Mtungi unaopitisha mwanga ukikaa juani huota utelezi wa kijani ndani. Chagua wa rangi nzito, au uufunike. Kisha zipe rangi maana: kwa mfano bluu ni ya kunywa, manjano ni ya kuosha. Chombo cha mafuta kiwe na rangi tofauti kabisa na kikae mbali, ikiwezekana nje ya gari, kwa kuwa mvuke wa petroli hupenya plastiki na kuyatia maji ladha isiyotoka.

Mifuko laini ya maji ni mizuri kwa kujaza nafasi ya miguuni nyuma ya kiti cha mbele. Ubaya wake ni kutoboka, kwa hiyo usiipe maji ya kunywa ya pekee uliyo nayo.

Makopo ya maziwa ya aluminiamu, yale yanayobebwa kwenda vituo vya kukusanyia maziwa, yanavutia kwa uimara wake. Tatizo ni kwamba klorini huila aluminiamu. Ukitaka chuma, tafuta kisichoshika kutu, gredi ya 304. Mafundi wanaotengeneza vyombo vya maziwa huko Nakuru na Eldoret wanakijua vizuri, na wanajua kuchomelea bila kuacha mianya ya kuficha uchafu. Nenda na sumaku kwao: 304 haivutwi sawasawa na sumaku. Mabati ya kawaida yaliyopakwa rangi ndani yasikuingie kichwani hata kwa bei ya bure.

Hatua ya 3: Yaweke chini, katikati, na yasitikisike

Hapa ndipo ajali zinapotengenezwa, kwa hiyo soma polepole.

Maji yakae chini kadiri inavyowezekana, na yakae kati ya ekseli mbili. Mahali pazuri katika gari la kufungwa ni sakafuni nyuma ya viti vya mbele au moja kwa moja nyuma ya viti vya pili. Katika pikapu, ni sakafuni mwa bodi, yakiegemea ukuta wa kabini. Ukiyaweka mwisho kabisa wa buti, nyuma ya ekseli, sehemu ya mbele ya gari hupungua uzito, usukani ukawa mwepesi, na breki za mbele zikakosa mshiko. Kwenye barabara ya changarawe inayopinda kama ya Cherangani, utalihisi hilo kwenye kona ya kwanza.

Juu ya keria usiweke maji mengi. Kitabu cha gari lako kinataja uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya kiwango hicho. Mitungi minne ya lita 20 juu ni kilo 84 zilizoinuliwa karibu mita mbili kutoka ardhini. Ukipita kwenye mteremko wa ubavu, gari litataka kulala. Juu ya paa ninaruhusu kitu kimoja tu, nacho ni bomba la maji ya kuoga, ambalo nitalieleza baadaye.

Maji yasiyojaa chombo hutembea. Ukipiga kona, yote yanakimbilia upande mmoja, na uzito unakuja baada ya usukani. Kwa hiyo jaza mitungi hadi juu, na utumie mmoja mpaka uishe kabla ya kufungua mwingine. Usiwe na mitungi mitano yote ikiwa nusu. Kama ni tangi, mwambie fundi aweke vizuizi ndani kila sentimita 30 hadi 40, yaani mabamba yenye matundu chini na juu yanayoyapitisha maji polepole.

Funga kila chombo kwa mikanda ya kukazia mizigo, na mikanda ishikwe na vyuma vilivyofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gari. Usiifunge kwenye plastiki za mapambo. Mtungi wa kilo 21 usiofungwa, gari likigonga kitu, unaruka mbele kuelekea vichwa vya waliokaa. Sitaki kulisema kwa upole: usimketishe mtoto mbele ya mitungi isiyofungwa, hata kwa safari ya kutoka Nakuru hadi Menengai.

Chini ya kila mtungi tandika mpira. Tubu kuukuu ya lori iliyokatwa inatosha. Barabara yenye mikunjo midogo midogo husugua plastiki kwenye chuma saa baada ya saa hadi itoboke, na utagundua pale tu mkeka wa gari utakapokuwa umelowa.

Hatua ya 4: Ukitaka tangi la kudumu

Si lazima. Watu wengi wanaokwenda kambini wikendi wanatoshwa na mitungi yenye mfereji mdogo wa plastiki. Tangi linakuja kuwa na maana unaposafiri mara kwa mara au kwa siku nyingi, na gari ni lako.

Lita 60 zinatosha. Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 20 na kimo 30 hubeba kiasi hicho na linaingia sehemu ya miguu ya viti vya nyuma au nyuma yake. Lazima liwe na matundu manne. La kujazia liwe pana, angalau mkono upite, la sivyo hutaweza kulisugua. La kutolea liwe karibu na chini. La kuondolea maji yote liwe chini kabisa. La nne ni la pumzi: mpira mwembamba unaopanda juu kuliko tangi, unajikunja, na mdomo wake unatazama chini ukiwa umefungwa kitambaa cha wavu kuzuia vumbi na wadudu. Mafundi wengi hulisahau hili la nne. Bila pumzi, pampu ikivuta, tangi la plastiki linabonyea, na maji yanatoka kwa kusitasita.

Mpira wa kupitishia maji uwe wa maji ya kunywa. Mpira wa bustani hutoa ladha mbaya kwenye joto. Kila kiungio kipate klipu ya chuma, na kila uzi wa kukazia bomba upate tepu nyeupe ya mafundi wa bomba.

Pampu ya volti 12 ni raha, lakini ina masharti. Weka chujio kabla yake, maana mchanga mdogo ukiingia kwenye vali pampu haishiki tena. Fyuzi iwe karibu na betri, na ukubwa wake ufuate kibati cha maelezo kilicho kwenye pampu. Halafu weka swichi kuu unayoweza kuizima ukiwa umeketi kwenye usukani, na uizime kila gari linapotembea. Pampu hizi hujiwasha zenyewe presha ikishuka. Mpira ukichomoka njiani, itasukuma maji yote sakafuni bila wewe kusikia kwa kelele za barabara. Na hata ukiwa na pampu, hakikisha kuna njia ya kutoa maji kwa mkono, kwa sababu betri hufa.

Ukimaliza, jaza tangi, ukapande barabara ya Menengai na kushuka, kisha pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kujaza

Siku moja au mbili kabla ya kuondoka, osha kila chombo kwa sabuni, suuza, kisha kiue vijidudu kwa dawa ya klorini isiyo na manukato wala rangi. Kipimo cha kuulia vijidudu kwenye chombo ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Kama chupa ya dawa ya kufulia nguo nyeupe imeandikwa asilimia 3.5, tangi la lita 60 linahitaji takriban mililita 85, na mtungi wa lita 20 kama mililita 30. Jaza maji hadi juu, changanya, fungua mfereji hadi harufu ya klorini itoke mwishoni mwa mpira, kisha funga na uache saa nne au usiku kucha. Mwaga, suuza mara mbili.

Maji hayo si ya kunywa. Na usichanganye klorini na siki wala dawa nyingine ya kuoshea, kwani hutoa gesi ya sumu.

Hatua ya 6: Jua unajaza wapi

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha safari ya huku kwetu na ya kwingine, na hapa ushauri wa watu wa mbali hautoshi.

Nakuru na ukanda wote wa Bonde la Ufa una miamba ya volkano inayotia floraidi kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hili vinapita hapo. Tazama meno ya kahawia ya watoto wetu wengi, utaelewa. Kwa safari ya siku chache mtu mzima hatadhurika, lakini ukiwa na watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka, nami naliweka hili moyoni sana, wajazie maji ya mvua au maji yaliyopimwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inazidi kukolea. Klorini pia haiondoi. Chujio la mkaa wa mifupa ndilo linaloipunguza, na hapa Nakuru teknolojia hiyo imetumiwa kwa miaka mingi chini ya Dayosisi ya Kikatoliki. Chujio la kawaida la kambini halifanyi kazi hiyo.

Maji ya mvua kutoka paa la mabati ni mazuri kwetu kwa sababu hayana floraidi. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga. Yatie klorini hata hivyo.

Ziwa Nakuru, Elementaita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Usiyatumie kwa lolote, hata kuosha vyombo, na maji ya chemchemi za moto za Bogoria ni ya kutazama tu. Ziwa Turkana nalo lina magadi na floraidi, ingawa utawaona watu wakiyanywa kwa kukosa mengine. Baringo ni maji baridi, lakini yana tope jekundu, na kingo zake zina mamba na viboko. Usiende kuchota jioni wala alfajiri.

Katika Bonde la Kerio utakutana na mifereji ya Wamarakwet inayoshusha maji kutoka ukingo wa Cherangani hadi mashambani. Maji yake yanaweza kuwa maangavu kabisa, lakini yamepita kwenye boma na malisho. Tena mifereji hiyo ina wenyewe na zamu zake, kwa hiyo uliza kabla ya kuchovya mtungi.

Magharibi ndiko kwenye neema. Kakamega, Vihiga, Bungoma na Kisii zina chemchemi zilizojengewa, maji yakitoka kwenye bomba dogo ukutani. Katika baadhi ya vijiji vya magharibi unaweza kukuta karibu na chemchemi kitangi cha klorini chenye koki. Ukizungusha mara moja unapata kipimo cha mtungi wa lita 20. Kitumie, ni cha watu wote. Lakini kwanza salimu. Wakina mama walio kwenye foleni wako hapo tangu asubuhi, na mgeni mwenye gari na mitungi sita akijipenyeza mbele anavunja heshima. Ukisema mulembe, salamu ya Waluhya, na kusubiri zamu yako, mara nyingi watakupisha wenyewe. Usioshe gari hapo.

Pokot na Turkana mambo ni magumu zaidi. Usijaze lita 100 kwenye pampu ya mkono ambayo kijiji kizima na mbuzi wake wanaitegemea wakati wa kiangazi. Nunua mjini, Kapenguria, Lokichar au Lodwar, kisha chukua kidogo tu njiani na ulipe kama kuna kioski.

Ziwa Victoria linahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni kichocho, kinachoingia mwilini kupitia ngozi. Kwa hiyo hata maji ya kuoga yaliyochotwa Dunga au Usenge yasitumike papo hapo. Vijidudu vyake hufa maji yakikaa kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, au yakipashwa hadi nyuzi 50 kwa dakika tano. Ya pili ni ule utando wa kijani unaotanda kwenye ghuba ya Winam. Baadhi ya viumbe vyake hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ukiona maji ya kijani kibichi, usiyachemshe ukidhani umeyaponya. Tafuta mengine.

Hatua ya 7: Tibu maji, hata ya bomba

Anza na tope. Klorini hushindwa kwenye maji machafu kwa sababu huliwa na uchafu kabla ya kufikia vijidudu, na mito kama Nzoia, Nyando na Kerio huwa kahawia baada ya mvua. Yaache maji yatulie kwenye ndoo usiku mzima, kisha yachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara nne. Pakiti za unga zinazogandisha tope ni bora zaidi: moja huhudumia lita 10, unakoroga dakika tano, unaacha litulie, unachuja kwa kitambaa cha pamba, kisha unangoja dakika 20.

Kwa kuua vijidudu, tumia dawa iliyotengenezewa maji ya kunywa. Tembe ya Aquatabs ya miligramu 67 hutosha lita 20 za maji maangavu. Maji yakibaki na ukungu, ongeza kipimo mara mbili. Ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye magadi kidogo huchelewesha klorini, hivyo kwenye visima vya Bonde la Ufa ngoja zaidi. Weka klorini hata kwenye maji ya mfereji wa mjini, kwa kuwa yatakaa siku kadhaa kwenye chombo chenye joto.

Klorini ina udhaifu mmoja: haiwezi vimelea fulani wanaosababisha kuhara, hasa kriptosporidiamu. Maji yanayotoka mahali penye ng'ombe au wanyama pori, kama vijito vya Mlima Elgon na Cherangani, yachemshe au yachuje kwa chujio la nyuzi lenye matundu ya mikroni 0.1. Chujio kama hilo huzuia bakteria na vimelea lakini virusi hupita, kwa hiyo chuja kisha weka klorini. Ukilala juu Elgon ambako usiku hugandisha, ingia nalo ndani ya blanketi. Likishalowa na kuganda, nyuzi hupasuka bila kuonekana, na utaendelea kulitumia ukidhani ni zima.

Kuhusu kuchemsha, watu huuliza kama kimo kinaharibu. Nakuru, yenye mita 1,850 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, si 100. Joto hilo bado linaua. Yakishachemka kwa nguvu, ngoja dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, ngoja tatu.

Hatua ya 8: Kambini

Mtu mmoja awe msimamizi wa maji. Kila asubuhi aangalie kilichobaki na kulinganisha na hesabu ya kwanza. Ukikuta siku ya kwanza mmetumia za siku moja na nusu, badilisha mwendo siku hiyohiyo.

Mikono ioshwe kwa kibuyu chirizi: mtungi mdogo wenye tundu, umefungwa kwenye kijiti, nawe ukikanyaga kamba unainama. Kinatumia maji kidogo sana kuliko mfereji, na watoto wanakipenda. Sufuria za ugali zilowekwe kwa maji yaliyoosha mboga, zifutwe kwanza, ndipo sabuni ije. Maji machafu yamwagwe mbali na mto au ziwa, hatua 80 hivi.

Sasa lile bomba la paa. Nunua bomba jipya la PVC la inchi 4, la mita 2, lifungwe ncha zote mbili, lipakwe rangi nyeusi, liwe na tundu la kujazia juu na koki nyuma. Linabeba kama lita 17, na baada ya kutwa nzima juani unapata maji ya uvuguvugu kwa watu watatu au wanne wenye subira. Usilijaze upepo kwa kompresa ili litoke kwa nguvu. Mabomba ya maji taka hayakutengenezewa presha, na likipasuka vipande vyake hukata. Maji yake ni ya kuoga tu.

Angalia pia watu, si mitungi peke yake. Mkojo wa rangi nzito, kichwa kuuma na mtoto kulegea ni dalili kwamba mnabana maji mahali pasipofaa. Punguza kuosha, usipunguze kunywa. Na akiba ya siku ya mwisho isifunguliwe mpaka mtakapokuwa mmefika kwenye lami inayoelekea mjini.

Hatua ya 9: Mkirudi

Mwaga yote siku hiyohiyo, pamoja na yaliyobaki kwenye mipira na ndani ya pampu. Iwashe sekunde chache hadi itoe hewa. Fungua mifuniko, geuza mitungi midomo chini kwenye kivuli, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuifunga. Chujio lisafishwe kwa maji safi kwa kusukuma kinyume, na kama halitatumika kwa muda mrefu, lihifadhiwe jinsi karatasi yake inavyoelekeza. Kisha andika kwenye kifuniko cha kila mtungi, kwa kalamu isiyofutika, ulichobeba mara ya mwisho na tarehe, ili anayeuchukua mwezi ujao kwenda nao Kitale ajue kama ni wa kunywa au wa kuosha.